Marshall McLuhan, Mlei Aliyeyasoma Matangazo ya Biashara

Mwaka 1936 Herbert Marshall McLuhan, Mkanada mwenye umri wa miaka 25, aliingia darasani kama mwalimu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, nchini Marekani. Alikuwa ametoka Cambridge, Uingereza, alikosomea fasihi ya Kiingereza kwa walimu mahiri wa uhakiki. Lakini mbele ya vijana wa mwaka wa kwanza alijikuta mgeni. Aliwazidi umri kwa miaka michache tu, na bado hakuuelewa ulimwengu wao. Walichokijua kwa moyo hakikuwa mashairi, bali matangazo ya redio, sinema na katuni za magazetini. Basi akaamua kuyasoma waliyoyasoma wao, kwa umakini uleule aliofundishwa kusomea mashairi.

Tunaposema, kama inavyosemwa sana siku hizi, kwamba dunia imekuwa kijiji kimoja, tunatumia usemi ulioenezwa na vitabu vya mtu huyu. Wengi hawajui kwamba aliyeueneza alikuwa mlei Mkatoliki, baba wa watoto sita, aliyejitahidi kushiriki Misa Takatifu kila siku. Tena si wengi wanaojua kwamba kitabu chake cha kwanza hakikuhusu kijiji hicho. Kilihusu sura za watu katika matangazo na magazeti: mama, baba, bibi arusi, shujaa.

McLuhan alizaliwa Edmonton tarehe 21 Julai 1911, akakulia Winnipeg katika familia ya Kiprotestanti. Baba yake alikuwa mtu wa bima. Mama yake, Elsie, alizunguka Kanada akighani mashairi na tamthilia jukwaani, na bila shaka ndiye aliyemrithisha mwanawe kipaji cha kusema. Akiwa mwanafunzi, mwaka 1932, alikutana na maandishi ya G. K. Chesterton, Mwingereza aliyeingia Kanisa Katoliki miaka kumi kabla. Chesterton alimwonesha kwamba imani haimwondoi mtu katika ulimwengu wa kawaida wa mezani, barabarani na gazetini, bali humfungua macho auone. Mama yake alihofu kwamba Ukatoliki ungemfungia milango ya kazi. Hata hivyo, baada ya miaka ya kusoma na kusali, alipokewa katika Kanisa mwishoni mwa Machi 1937.

Milango haikufungwa, ila ilikuwa milango ya aina nyingine. Tangu mwaka huo karibu maisha yake yote ya ualimu yalipita katika taasisi za Kikatoliki: kwanza kwa Wayesuiti wa Saint Louis, kisha Windsor katika jimbo la Ontario, na kuanzia mwaka 1946 katika Chuo cha Mtakatifu Mikaeli, Toronto, kilichokuwa kikiongozwa na Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Basili. Mwaka 1939 alimwoa Corinne Lewis wa Texas, ambaye baadaye naye alipokewa katika Kanisa. Mwaka 1943 Cambridge ilimtunukia shahada ya uzamivu kwa utafiti juu ya sanaa tatu za elimu ya kale: sarufi, mantiki na balagha. Hizo ndizo sanaa walizolelewa nazo Mababa wa Kanisa. Mtakatifu Augustino alikuwa mwalimu wa balagha kabla ya Ubatizo wake. Kwa hiyo McLuhan alipolitazama tangazo la sabuni, hakuona takataka isiyostahili macho ya msomi. Aliona balagha, yaani ile sanaa kongwe ya kushawishi, imehama mimbarini na barazani ikaajiriwa na wauzaji.

Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka New York mwaka 1951. Kinaitwa The Mechanical Bride, maana yake Bibi Arusi wa Mashine. Muundo wake ulikuwa mgeni kwa wakati ule: picha ya tangazo, ukurasa wa gazeti au katuni, kisha insha fupi ya mwandishi pembeni, yenye maswali ya kejeli. Jina la kitabu ndilo pia jina la insha yake juu ya tangazo la soksi ndefu za wanawake. Katika picha ile hakuna mwanamke. Kuna miguu tu, imesimamishwa juu ya kiweo kama sanamu. McLuhan aliuliza ni nini kinachomtokea msichana anayefundishwa kila siku kuutazama mwili wake hivyo, kipande kwa kipande, kama vipuri vya gari vinavyoweza kung'arishwa na kubadilishwa. Na kijana wa kiume anayelelewa na picha hizo atampendaje mtu mzima, mwenye jina na historia, ilhali amezoezwa kutamani vipande?

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Kuna taswira asilia, yaani zile sura kuu ambazo wanadamu wa kila taifa wamezibeba tangu kale: mama anayelinda, baba anayetoa riziki, shujaa anayeokoa, bibi arusi anayesubiriwa, bustani isiyo na kifo. Kwa mwamini sura hizi si ndoto tupu. Maandiko Matakatifu yamejaa sura hizo, na Mungu mwenyewe amezitumia kujifunua kwetu. Halafu kuna taswira mgando, yaani sura ileile iliyokaushwa na kurahisishwa mpaka imebaki kinyago: mama ni mtu wa kufua tu, baba ni mpumbavu wa kuchekwa, msichana ni pambo, mtu mweusi ni mtumishi anayetabasamu. Mtaalamu wa matangazo huhitaji zote mbili. Ya kwanza humpa nguvu ya kuugusa moyo. Ya pili humpa wepesi wa kueleweka kwa nukta chache.

McLuhan alilionesha hili kwa mifano mingi. Katika katuni ya Blondie, iliyosomwa na mamilioni kila siku, alimwona baba wa nyumba aliyevuliwa heshima yake yote, mtu wa kunyatia jikoni usiku kutafuta mkate na kucheka aibu zake mwenyewe. Kwa Superman alimwona shujaa asiye na subira na sheria wala mahakama, anayetengeneza dunia kwa nguvu za mikono. Akaonya kwamba kizazi kinachomtamani shujaa wa namna hiyo kinaweza kumkaribisha dikteta. Wakati anaandika, vita dhidi ya Hitler vilikuwa vimekwisha miaka michache tu iliyopita. Na lipo tangazo moja ambalo sisi tunalihesabu kuwa zito kuliko yote kitabuni. Lilikuwa la kuuza kasha la chuma la kuzikia. Mwanamke mfiwa anatazama mvua kupitia dirishani, naye anafarijika. Hafarijiki kwa sababu marehemu yuko mikononi mwa Mungu, bali kwa sababu maji hayataingia kaburini. Faraja ya Wakristo, tumaini la ufufuko, imeondolewa mahali pake kimyakimya, na pakawekwa chuma kisichovuja.

Sisi nasi tunazijua sura hizi. Mama aliyeinamia beseni la nguo huku akitabasamu, kana kwamba furaha ya utakatifu wa ndoa imo ndani ya paketi ya sabuni, tumemwona mara nyingi. Tumemwona pia msichana ambaye hapati kazi wala mchumba mpaka ngozi yake ing'ae. Picha hizi hazijadili nasi. Zinaingia sebuleni zikarudiwa mara elfu, na mtoto anayekua mbele yake huanza kupima nafsi yake kwa kipimo chake bila mtu yeyote kumwambia afanye hivyo. Imani inafundisha kwamba kila binadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Anayempa mtoto sura nyingine ya kuiishi anagusa jambo zito kuliko biashara.

Lakini dawa aliyoipendekeza McLuhan haikuwa kuzima redio na kukimbia. Alichukua mfano kutoka hadithi ya Edgar Allan Poe, ya baharia aliyenaswa katika kizingia cha maji. Baharia yule aliokoka kwa sababu, badala ya kupambana na maji kwa hofu, alitulia na kutazama ni vitu gani vinazama na ni vipi vinaelea, kisha akajishikiza kwenye kile kinachoelea. Hivyo ndivyo alivyotaka tuyatazame matangazo: tulisimamishe moja, tuliweke mezani, tuulize linataka tuwe nani. Tena alipenda tucheke, maana kinyago kinachochekwa hupoteza sehemu ya nguvu zake. Tunaona kwamba katekista yeyote anaweza kulifanya zoezi hilo na vijana wa Kipaimara kwa gazeti moja la zamani na mkasi.

Kitabu hakikuuzwa sana. Umaarufu ulikuja baadaye, kwa kitabu cha mwaka 1962 juu ya uchapaji na kile cha mwaka 1964, Understanding Media, ambamo alifundisha kwamba chombo cha mawasiliano chenyewe hutubadilisha kuliko ujumbe kinaoubeba. Na hapa ndipo palipo ugumu wa maisha yake, nasi hatuoni sababu ya kuuficha. Tangu miaka hiyo aliacha kulaumu. Alisema kazi yake ni kueleza jinsi mambo yanavyofanya kazi, si kuyahukumu. Makampuni makubwa yakamlipa aje kuwahutubia wakubwa wake, na mmoja wa waliomtangaza zaidi, Howard Gossage wa San Francisco, alikuwa mtu wa matangazo ya biashara. Mtu aliyeanza kwa kuvua vinyago akavalishwa cha kwake: nabii wa televisheni, mzee wa mafumbo. Mwaka 1969 alifanya mahojiano marefu na jarida la Playboy, lililoishi kwa kuuza picha za wanawake, yaani kwa ile ile biashara ya vipande aliyoifichua mwaka 1951. Mtu anaweza kusema kwamba alikwenda walipo wasomaji. Sisi tunaona kwamba bei yake ilikuwa kubwa.

Hata hivyo mwaka uleule alimwandikia mwanafalsafa Mkatoliki Jacques Maritain barua yenye sauti tofauti kabisa. Humo alieleza hofu yake kwamba mazingira ya umeme, yanayowaunganisha watu wote kwa mara moja, yanaiga kwa udanganyifu Mwili wa Fumbo wa Kristo, na akaliona jambo hilo kuwa la mpinga Kristo. Ni wazi kwamba moyoni hakuacha kuhukumu. Aliacha tu kuhukumu hadharani.

Mwaka 1970, pamoja na mshairi Wilfred Watson, alirudi kwenye suala la taswira kwa kitabu From Cliché to Archetype. Sura zake zimepangwa kwa alfabeti, hata utangulizi umewekwa katikati chini ya herufi yake. Si kitabu chepesi. Fikra kuu, hata hivyo, ni ya kutia moyo. Taswira inayotumiwa mno huchakaa, hutupwa jaani, na kutoka jaani huweza kuokotwa tena na kupewa uhai mpya. Ikiwa ndivyo, basi kinyago cha mama katika tangazo hakimwui mama wa kweli. Wasanii, na tunaongeza sisi, wahubiri na wazazi, wanaweza kuiokota sura hiyo na kuirudishia kina chake. Kwa mtu aliyekuwa na ibada kubwa kwa Bikira Maria, hilo halikuwa wazo la vitabuni tu.

Mwaka 1973 aliteuliwa kuwa mshauri wa Tume ya Kipapa ya Mawasiliano ya Jamii. Mwaka 1997, miaka mingi baada ya kifo chake, ofisi hiyohiyo, wakati huo ikiwa Baraza la Kipapa, ilitoa hati juu ya maadili katika matangazo ya biashara. Hati hiyo inayatambua mema ya matangazo, na inakemea waziwazi yale yanayomfanya mwanamke chombo au kumfungia katika nafasi moja. Masuala hayo McLuhan aliyaweka mezani mwaka 1951, akiwa mwalimu asiyejulikana.

Mwezi Septemba 1979 alipatwa na kiharusi. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kusema alibaki na maneno machache mno, wala hakuweza tena kusoma wala kuandika. Mwaka uliofuata chuo kikuu kilikifunga kituo chake cha utafiti. Corinne alimtunza nyumbani. Mwishoni mwa Desemba 1980 padre Myesuiti, rafiki wa familia, alifika na kuadhimisha Misa Takatifu pamoja naye. Marshall McLuhan alifariki usingizini tarehe 31 Desemba, akiwa na umri wa miaka 69. Amezikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya Holy Cross, Thornhill, kaskazini mwa Toronto.