Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh (1831–1910): Huruma Iliyotiwa Utaratibu

Utangulizi

Katika kurasa zilizotangulia tumewakumbuka wainjilisti, walimu, wazee wa Kanisa na wachungaji waliolitumikia shamba la Bwana katika usharika wetu kwa muda wa miaka mia moja. Ni haki pia kumkumbuka mtu mmoja ambaye hakupata kuikanyaga ardhi ya Usambara, na ambaye alikuwa amekwisha kulala katika Bwana kabla usharika huu haujazaliwa. Jina lake limetajwa mara nyingi katika historia ya Dayosisi yetu, lakini vijana wengi hawajui habari za maisha yake. Mtu huyo ni Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyeijenga Betheli ya Ujerumani na kuwatuma watu wake mpaka huku kwetu. Habari zake zinatufundisha namna uchungu wa moyo wa mtu mmoja unavyoweza kuwa kazi yenye mpango, inayodumu baada ya mwenyewe kuondoka.

Malezi na Wito

Friedrich alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, katika jimbo la Westfalia. Baba yake alikuwa waziri katika serikali ya mfalme wa Prussia, na mtoto huyu alicheza pamoja na mwana wa ukoo wa kifalme ambaye baadaye alikuja kuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Kwa hiyo njia ya vyeo ilikuwa wazi mbele yake. Yeye alichagua kujifunza kilimo, akawa msimamizi wa shamba kubwa huko Pomerania. Hapo aliwaona vibarua wa mashamba na watoto wao jinsi walivyoishi katika ufukara.

Alikuwa na desturi ya kuwagawia watoto wa vibarua vijitabu vya misioni. Siku moja alisoma mwenyewe kimojawapo, chenye habari za mtoto maskini wa Kichina, akaguswa sana. Aliacha shamba, akaenda kusoma theolojia Basel, Erlangen na Berlin, akiwa na nia ya kuwa mmisionari katika nchi za mbali. Nia hiyo haikutimia kama alivyoitazamia.

Paris: Shule ya Kuomba

Mwaka 1858 alitumwa Paris kuwahudumia Wajerumani maskini waliokwenda kutafuta riziki katika mji ule. Wengi wao walikuwa wafagiaji wa barabara. Waliamka usiku kufagia mji, na watoto wao walibaki bila shule na bila malezi. Kijana huyu wa ukoo wa heshima alianza kwa kuwakusanya watoto wachache na kuwafundisha. Idadi ilipoongezeka, alirudi Ujerumani akapita kutoka mji hata mji akiomba msaada, na hatimaye shule na kanisa vikajengwa juu ya kilima kimoja cha mji ule.

Huko Paris alijifunza mambo mawili aliyoyashika mpaka kufa. La kwanza ni kwamba kumwomba tajiri kwa ajili ya maskini si aibu. La pili ni kwamba anayetoa ana haki ya kujua sadaka yake imefanya nini. Ndiyo sababu aliandika sana, akiwaeleza wafadhili habari za watoto na za jengo, ili kila mmoja ajione kuwa mshiriki wa kazi.

Januari 1869

Mwaka 1861 alimwoa Ida, binti wa ukoo wake, na mwaka 1864 akawa mchungaji wa usharika wa Dellwig huko Westfalia. Walikuwa na watoto wanne. Mnamo Januari 1869 ugonjwa wa kifaduro uliingia nyumbani mwao, na katika muda wa majuma mawili wote wanne walikufa. Nyumba ya mchungaji ikabaki kimya.

Msiba wa namna hiyo unaweza kuuvunja moyo wa mtu au kuufanya kuwa mgumu. Bodelschwingh mwenyewe alikiri baadaye kwamba ni katika siku zile alipotambua jinsi Mungu awezavyo kuwa mkali, na kwamba tangu hapo alijifunza kuwahurumia wengine. Aliandika kijitabu kuhusu maisha na kufa kwa watoto wake, na wazazi wengi waliofiwa wakapata faraja. Baadaye Mungu aliwajalia watoto wengine wanne. Lakini yeyote aliyekuja kwake akiwa na mtoto mgonjwa alikutana na mtu aliyejua uchungu ule.

Betheli ya Bielefeld

Mwaka 1867 Wakristo wa eneo la Bielefeld walikuwa wamefungua nyumba ndogo ya shambani kwa ajili ya watu wenye kifafa. Wakati ule dawa zilikuwa chache na hafifu. Wagonjwa walifichwa, walidhihakiwa, na watoto walifukuzwa shuleni. Mwaka 1869 ikaanzishwa karibu yake nyumba ya mashemasi wa kike iliyoitwa Sarepta. Januari 1872 Bodelschwingh aliitwa kuziongoza, na mwaka 1877 ikaongezwa nyumba ya mashemasi wa kiume iliyoitwa Nazareti.

Hakutaka Betheli iwe ghala la kuwafungia wagonjwa. Aligawa wagonjwa katika nyumba zilizopewa majina ya Biblia, kila moja ikiwa na baba na mama wa nyumba, watu wakila meza moja kama jamaa. Kila aliyeweza kufanya kazi alipewa kazi kadiri ya nguvu zake: bustani, useremala, uokaji wa mikate, upigaji chapa. Kwake mgonjwa alikuwa mtu mwenye kipawa cha kutoa, si wa kupokea tu. Kanisa la Sayuni lililowekwa wakfu mwaka 1884 lilijengwa kwa mikono ya wagonjwa pia. Mahali palipoanza na wagonjwa wachache pakawa kijiji kizima cha maelfu ya watu kabla hajafa.

Fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa watu wadogo waliotoa senti zao. Walioshindwa kutoa fedha walitoa vitu. Kutoka mwisho wa miaka ya 1880 Betheli ilikusanya stempu zilizotumika, na mwaka 1890 ukaanza utaratibu wa kukusanya nguo na vyombo vikuukuu, kwa kufuata agizo la Bwana kwamba vipande vilivyosalia visipotee (Yn. 6:12). Wagonjwa walichambua vitu hivyo, wakavitengeneza, navyo vikauzwa. Hivyo hata takataka za nyumba ya mtu ziligeuka kazi na mkate. Na kila mtoaji alishukuriwa, hata kama alitoa kidogo.

Kazi, Nyumba na Sheria

Katika miaka ile maelfu ya wanaume wasio na kazi walizunguka barabara za Ujerumani wakiomba mlango kwa mlango. Bodelschwingh aliona kwamba kipande cha mkate kilichotolewa mlangoni kinamwacha mtu barabarani. Mwaka 1882 alifungua Wilhelmsdorf, makazi ambayo mzururaji alipata chakula, kitanda na kazi ya kulima ardhi ya mchanga isiyotamaniwa na mtu. Majimbo mengine yakaiga mfano huo. Mwaka 1885 alianzisha chama cha kuwawezesha wafanyakazi kupata nyumba zao wenyewe zenye kiwanja. Mwaka 1905 alianzisha Hoffnungstal, karibu na Berlin, ambako kila mwanamume asiye na makao alipewa chumba chake kidogo badala ya kulala kwa mamia katika ukumbi mmoja. Alijua kwamba mlango mtu anaoweza kuufunga mwenyewe humrudishia heshima yake.

Hata hivyo aliona kwamba kazi ya hisani peke yake haitoshi. Mwaka 1903, akiwa mzee wa miaka 72, alichaguliwa kuingia katika bunge la Prussia. Alikwenda kwa shabaha moja, nayo ni kupata sheria ya kuwasaidia wazururaji. Aliwaendea wabunge wa pande zote, akaomba na kusihi kama alivyozoea. Sheria ilipitishwa mwaka 1907, ikiyawezesha majimbo kuanzisha vituo vya kazi na malazi. Haikuyalazimisha kama alivyotaka, lakini aliipokea kama hatua.

Kiungo na Afrika Mashariki

Mwaka 1886 lilianzishwa Berlin shirika la misioni kwa ajili ya Afrika Mashariki. Hatuna budi kusema kweli: baadhi ya waanzilishi wake waliongozwa na tamaa ya ukoloni kuliko Injili. Bodelschwingh alijiunga na uongozi wake mwaka 1890, akaliimarisha kiroho na kulipatia watumishi kutoka Betheli. Mwaka 1891 Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifika Mlalo, na kutoka hapo Neno likaenea Usambara. Mwaka 1906 makao ya shirika yakahamia Betheli. Mwaka 1907 kazi ikafika Rwanda, na mwaka 1910 Bukoba.

Huko Lutindi, palipofunguliwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, mashemasi wa Betheli walianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwatunza wagonjwa wa akili, huduma inayoendelea hadi leo. Nia ya kijana yule wa Pomerania ya kuwa mmisionari ilitimizwa na wengine aliowatuma.

Kulala Kwake

Alifariki Betheli tarehe 2 Aprili 1910. Mwanawe mdogo, Friedrich, alishika kazi yake. Mwaka 1940, serikali ya Wanazi ilipotaka orodha za wagonjwa ili wauawe, mwana huyo alikataa kujaza fomu, ingawa hakuweza kuwaokoa wote. Bodelschwingh mzee hakuwa malaika. Alikuwa mkali katika nidhamu, mgumu kushauriwa, na mtu wa zama zake katika kuwatii wafalme. Hata hivyo wagonjwa walimwita baba.

Mafundisho kwa Usharika Wetu

Sisi nasi ni watu wa huruma. Msiba ukitokea, tunachanga; mgonjwa akilazwa, tunamtembelea; na baada ya ibada tunanadi ndizi, mayai na maharage ili Kanisa lijengwe. Lakini mara nyingi huruma yetu huwaka kama moto wa nyasi kavu, kisha huzimika. Fungu la Diakonia huja la mwisho katika bajeti, baada ya bati na vyombo vya muziki, na mtoaji hasomewi kamwe hesabu ya kilichofanyika.

Katika vijiji vyetu bado wako watoto wenye kifafa wanaofichwa ndani, wengine wakiwa na makovu ya moto walioangukia jikoni. Bado kuna wanaosema kwamba ugonjwa huo ni laana au huambukiza kwa mate, hali dawa zipo na zinasaidia wengi. Ninapendekeza kwa Baraza la Wazee kwamba kumbukumbu ya miaka mia isiishie katika jiwe la msingi na kitabu hiki. Kila mtaa na uwaorodheshe wagonjwa wake. Kamati ya Diakonia iwe na daftari lake na fungu lake la kila mwezi la nauli na dawa. Hesabu isomwe kanisani kila robo mwaka. Na anayeleta yai moja ashukuriwe sawa na anayeleta ng'ombe. Nao wagonjwa wenyewe wapewe nafasi katika kwaya, shambani na mezani pa Bwana.

Usharika utakaosoma kitabu cha miaka mia mbili utatuuliza habari za watoto hao. Bwana wa mavuno atujalie kuwa na la kujibu. Amina.