Hakuwa na cheti cha sekondari, lakini ngeli ilimfikisha Hawaii: Stori ya Obama Mkubwa

Ukitaja Obama, kila mtu anafikiria yule wa Ikulu ya Marekani. Huyo leo tumwache kando kidogo. Tuongelee buda yake, Barack Hussein Obama Mkubwa, msee aliyezaliwa 1934 pande za Kendu Bay na akalelewa Kogelo kule Siaya.

Najua stori zake unazozijua wewe. Wake wengi, pombe, ajali za gari. Zote zipo na tutazigusa. Lakini kuna sehemu moja ya maisha yake ambayo watu huiruka haraka sana, na ndiyo mimi huwa narudia: miaka miwili hivi pale Nairobi, kabla ya uhuru, akiwa karani wa kawaida, amesota, ana mke na mtoto, hana cheti cha sekondari, na usiku anabukua Kizungu ili apite mtihani wa kuingia chuo. Labda inanigusa juu mimi mwenyewe niliachia chuo mwaka wa pili, karo ikanishinda. Basi nivumilie.

Turudi nyuma kwanza. Buda yake, Hussein Onyango, alikuwa mpishi wa wazungu na alijua kusoma na kuandika wakati majirani wengi hawakujua. Mzee alikuwa mkali balaa. Kwake shule haikuwa mchezo, na kijana alikuwa na kichwa kizuri: akatoka shule ya Ng'iya, akaingia Maseno. Miaka hiyo Maseno ilikuwa kitu kingine. Jaramogi Oginga Odinga alipitia hapo. Ukiingia Maseno, kijiji kizima kilijua umeshaanza kuwa mtu.

Shida ni kwamba kijana alikuwa mwerevu na mtundu kwa kipimo kilekile. Kitabu ambacho mwanawe alitoa 1995, Dreams from My Father, kinaeleza yale familia inakumbuka: kuvamia mashamba ya jirani kutafuta kuku na viazi vya kupika bwenini, kuvunja sheria za shule kila wiki. Walimu walivumilia mwanzoni juu alama zake zilikuwa juu. Mwishoni wakachoka. Akatoka Maseno bila kumaliza, kumaanisha ule mtihani wa mwisho wa Cambridge, ambao bila huo hukuwa unaenda popote, hakuufanya.

Mzee Onyango akawaka. Familia inasema alimchapa kwa fimbo hadi mgongo ukatoka damu, kisha akamwambia aende Mombasa, kuna Mwarabu atampa kazi ya ofisi. Barack akaenda, akakosana na huyo Mwarabu, akaondoka bila hata kulipwa. Akapata kibarua kingine cha mshahara mdogo zaidi. Baadaye akapanda Nairobi. Kisha akamuoa Kezia, msichana wa Kendu Bay aliyekutana naye kwenye densi.

Hebu jiweke hapo. Mabeste wako mliokaa nao dawati moja Maseno wanaenda Makerere, wengine London. Wewe uko Nairobi ya hali ya hatari, unapiga taipu barua za mtu mwingine. Na unajua, tena bila majivuno, kwamba darasani ulikuwa unawashinda. Hiyo kitu inauma kuliko njaa. Walioishi naye walisema alianza kuzama mawazoni.

Hapo ndipo wanaingia Wamarekani wawili, Elizabeth Mooney na Helen Roberts. Mooney alikuja Kenya 1957 kuendesha mradi wa kufundisha watu wazima kusoma, kwa mtindo wa mmisionari Frank Laubach. Kama hujawahi kuusikia, mtindo wenyewe ni huu: unachora picha ya kitu ambacho mtu anakijua, herufi ya kwanza ya jina lake unaificha ndani ya umbo la picha, mtu akiona picha anakumbuka herufi. Maneno mapya unayaleta machache machache, unayarudia hadi yazoeleke. Na ukishajua kusoma, unamfundisha mwenzako.

Barack akawa karani kwenye ofisi ya Mooney. Baadaye akapewa kazi ya kuandika vitabu vya Kijaluo vya hao wanafunzi wazima. Ndiyo, alikuwa mwandishi. Vinaitwa Otieno Jarieko, yaani Otieno mwenye akili, vilitoka 1959 kupitia East African Literature Bureau. Otieno ni mkulima anayejua mambo. Kitabu kimoja kinahusu njia nzuri za kulima shamba. Si hadithi ya kukukosesha usingizi, lakini kazi yake ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana: chukua wazo la maana, ulimenye hadi libaki kwenye maneno ambayo mzee wa miaka hamsini, aliyeanza kushika kalamu juzi, atayasoma mwenyewe bila msaada.

Sasa cheki hii. Mchana msee anatafuta neno rahisi kabisa la Kijaluo. Jioni, na hata saa ya lunch pale ofisini, anageuka anapanda upande ule mwingine, anatafuta maneno magumu ya Kizungu. Hao wamama wawili walikuwa wameona kichwa chake na wakamsaidia kupata masomo ya posta, ili apate kile cheti alichokosa Maseno, kisha afanye mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani.

Masomo ya posta si kama darasa. Bahasha inakuja, unasoma, unajibu, unatuma, unangoja. Ukikwama kwa neno hakuna mwalimu wa kumwinulia mkono. Na mitihani ya Marekani ya kuingia chuo, ile ya aina ya SAT iliyoanza 1926, ilikuwa inapenda msamiati kuliko kitu kingine upande wa lugha. Unapewa neno, utafute kinyume chake. Unapewa sentensi yenye pengo, ulijaze. Halafu kuna zile jozi: kifaranga kwa kuku ni kama ndama kwa nani? Hiyo kwa Kiswahili hata mtoto wa nasari anapata. Lakini ukiletewa kwa Kizungu, na vitu vyenyewe ni vya maisha ya watu wengine, vya nyumba na michezo ambayo hujawahi kuona Siaya wala Nairobi, ujanja wa shamba haukusaidii. Lazima uwe umelisoma hilo neno mahali fulani, ukalibeba.

Na kubeba maneno hakufanyiki wiki ya mtihani. Ukweli ni kwamba Barack hakuanzia sifuri. Maseno walikuwa wamemjaza Kizungu kabla ya kukosana naye, na nyumbani alikuwa na baba aliyeishi kwa wazungu. Ofisini kwa Mooney alisikia Kizungu cha Wamarekani siku nzima, akakiandika kwa barua, akasoma magazeti yao. Ningekuwa natoa ushauri kwa mtu anayejiandaa na mtihani leo, ningemwambia hizo saa za ofisini zilimjenga kama zile bahasha. Neno unalolitumia kufanya kazi halikimbii kichwani kama lile ulilokariri kwenye orodha.

Familia inasimulia kwamba alifanya mtihani kwa Wamarekani hapahapa Nairobi, akangoja miezi akiwa na wasiwasi hadi chakula hakiliki, kisha jibu likaja: amepita. Halafu akaanza kazi nyingine ya maneno, kuandikia vyuo Marekani barua moja baada ya nyingine akiomba nafasi. Chuo Kikuu cha Hawaii kikasema njoo.

Watu wengi wanadhani aliondoka na ile ndege maarufu ya Tom Mboya, iliyobeba wanafunzi 81 Septemba 1959. Hapana, hakuwa ndani. Alisafiri kivyake mwaka huohuo, na nauli pamoja na gharama nyingi zilitoka kwa hao wamama, Mooney na Roberts. Hawaii yenyewe ilikuwa imekuwa jimbo la Marekani Agosti ya mwaka huo, na yeye akawa mwanafunzi wa kwanza Mwafrika chuoni pale. Nyuma alimwacha Kezia na mtoto Roy, na mimba ya Auma. Hii sehemu usiiruke. Hizo doh za safari zilikuwa zake, lakini aliyelipa kwa kubaki alikuwa Kezia.

Kule mambo yakaenda mbio. Digrii aliimaliza kwa miaka mitatu, 1962, akiwa kati ya wale bora hadi akaingizwa Phi Beta Kappa, chama cha wanafunzi wakali Marekani. Kwenye darasa la Kirusi, eti baada ya Kizungu akaona aongeze kingine, alikutana na Ann Dunham. Wakaoana Februari 1961, na Agosti 4 akazaliwa huyo mnayemjua nyote. Harvard ikafuata 1962, na mke na mtoto wakaachwa, tena.

Harvard alipita mitihani ya udaktari, ikabaki tasnifu tu. Lakini wakubwa wa chuo na maafisa wa uhamiaji hawakufurahia maisha yake ya mapenzi wala hali yake ya mifuko, na 1964 akalazimika kurudi nyumbani bila kumaliza. Umeona? Maseno tena. Mlango uleule, bei kubwa zaidi. Nairobi alijiita Daktari Obama hata hivyo, na hakuna aliyethubutu kumuuliza, juu akibonga, na ile sauti nzito, ungedhani ni waziri.

Mdomo huo ukaanza kumletea ngori. Julai 1965 aliandika makala kwenye East Africa Journal akichambua mpango wa uchumi wa serikali, ule wa Sessional Paper Namba 10, akiuliza maswali ya ardhi na mali kuwa mikononi mwa wachache na wageni. Alikuwa akiikosoa serikali, kwa Kizungu safi. Mwaka wa 1969 alikutana na Mboya mtaani dakika chache kabla Mboya hajapigwa risasi, na akasimama kortini kutoa ushahidi wakati wengine walikuwa wanahepa. Kazi zikaanza kupotea. Pombe ikaongezeka. Ajali zikafuatana. Miaka ya sabini alipata tena kazi Wizara ya Fedha, lakini yule kijana wa bahasha alikuwa ameshachoka.

Alikufa kwa ajali ya gari Nairobi, Novemba 1982, akiwa bado hajafika miaka hamsini. Amezikwa Kogelo, pale nyumbani kwa Mama Sarah, kando ya mzee Onyango. Vile vitabu vya Otieno bado viko kwenye orodha za maktaba, jina lake likiwa juu, kwa Kijaluo cha kila mtu.