MTU ALIYEJIITA "MWANAFUNZI"



Sisi wa mwaka wa sita tunakutana kila mara na jina Student katika somo la statistiki. Testi ya Student, jedwali la Student. Wengi wanafikiri ni jina la mtu, kama vile Newton ao Pascal. Mimi pia nilifikiri vile. Kumbe Student ni neno la Kiingereza, na maana yake ni mwanafunzi tu! Na huyo aliyejiita mwanafunzi alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pombe. Hapana kucheka. Najua tuko shule ya Waprotestanti na kapita hapashwi kusifu pombe. Mimi nasifu hesabu.

Jina lake la kweli lilikuwa William Sealy Gosset. Alizaliwa Canterbury, katika Uingereza, tarehe 13 Juni 1876. Baba yake alikuwa kolonele wa wahandisi wa jeshi, na kijana alitaka kufuata njia ile ile, lakini macho yake yalikuwa zaifu. Basi akasoma hesabu na kemia huko Oxford. Mwaka 1899, akiwa na miaka 23, akapata kazi Dublin, katika Ayalandi, kwenye kiwanda kikubwa cha Guinness ambacho kilikuwa kinatafuta vijana wenye kusoma kemia.

Kazi yake ilikuwa kujua shayiri gani ni nzuri. Na hapo njo shida ilianza. Shayiri haivunwi kila juma. Unapanda, unangoja, mwisho unabaki na mashamba 4, ao 6, ao 10 ya kulinganisha. Wenye elimu wa wakati ule walikuwa na kanuni za hesabu, lakini zilitaka vipimo vingi sana, mia na zaidi. Mwenye vipimo vinne afanye nini?

Ngojeni nilete mambo hapa kwetu Bunyakiri. Tuseme mama mmoja yuko na mbegu mbili za maharagi, ya zamani na mpya. Anapanda vitalu 4 vya kila moja, ukubwa sawasawa. Ya zamani inatoa kilo 3,0 na 2,6 na 3,4 na 2,8. Mpya inatoa 3,9 na 2,7 na 3,6 na 3,0. Wastani, tunaoita moyene darasani, ni 2,95 na 3,30. Mpya imeshinda kwa gramu 350 kila kitalu. Sasa mama auze mbuzi ili anunue mbegu mpya ya shamba lote? Kama ushindi ule ulikuwa bahati tu, labda kitalu kimoja kilikuwa karibu na jalala, mbuzi amekwenda bure na watoto watafukuzwa kwa sababu ya minervali. Gosset alikuwa na swali hilo hilo, isipokuwa yeye hakuwa na mbuzi, alikuwa na feza za kiwanda.

Guinness wakamtuma London, mwaka 1906 mpaka 1907, kwa Karl Pearson, mkubwa wa statistiki wa wakati ule. Pearson alimpokea vizuri, lakini shida ya vipimo vichache haikumsumbua sana, kwani yeye alizoea kufanya kazi na mamia. Gosset akaendelea. Alichukua vipimo vya wafungwa 3000, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye vipande 3000 vya karatasi ngumu. Akavichanganya sana kama mtu wa karata, akavitoa bila kuchagua, vinne vinne, mpaka akapata vikundi 750. Kwa kila kikundi akafanya hesabu ya moyene na ya kutawanyika. Hakuna mashini ya leo! Alitaka kuona kwa macho kama bahati inacheza vile kanuni yake ilivyosema. Mimi nikipewa zoezi la vipimo 20 nalalamika.

Mwaka 1908 akatoa kazi ile katika gazeti Biometrika. Lakini Guinness hawakutaka wafanyakazi wao waandike kwa majina yao, kwa kuogopa siri za kiwanda. Njo maana akaweka sahihi ya Student. Katika kurasa zile alitumia mfano wa wagonjwa 10 waliojaribiwa dawa mbili za usingizi. Dawa ya pili iliwazidishia usingizi kuliko ya kwanza kwa saa 1,58 kwa moyene. Akaonyesha kwamba hata kwa watu 10 tu mutu anaweza kuamua: kadiri ya 666 kwa 1 kwamba ya pili ni bora. (Wasomaji wa Ufunuo wasishituke, ni hesabu tu.) Tena majina ya dawa aliyaandika vibaya, lakini hesabu ilibaki.

Walioielewa mara moja hawakuwa wengi. Mmoja alikuwa kijana wa Cambridge, Ronald Fisher, aliyemwandikia mwaka 1912 na kumpelekea uhakikisho wa kanuni yake. Gosset hakuweza kuufuata, akautuma kwa Pearson bila haya. Hilo nalipenda kwake. Fisher njo alieneza testi ile kwa vikundi viwili mbalimbali, na kitabu chake cha 1925 kikaifikisha mbali.

Turudi kwa mama. Kwanza tunaweka dhana: mbegu zote mbili ni sawa. Kisha tunachukua tofauti, 0,35, tunaigawanya kwa kosa lake la kawaida, linalotoka katika kutawanyika kwa vitalu vyenyewe, hapa karibu 0,32. Tunapata t ya 1,08. Jedwali, kwa vitalu 4 na 4, linataka 2,447 ili dhana ianguke kwa kiwango cha 5 kwa mia. Hatujafika. Kama mbegu ni sawa, tofauti kama hii inaweza kuja kwa bahati karibu mara 1 katika 3. Waangalifu hapa, ndugu wa mwaka wa tano: hatukusema mbegu ni sawa. Tumesema vitalu nane havijatosha kututoa mashakani. Mama abaki na mbuzi, apande tena vitalu vingi zaidi musimu ujao.

Gosset alibaki na Guinness maisha yake yote. Alipenda kuvua samaki, kutengeneza mashua, na kulima matunda. Na Fisher walibishana sana miaka ya 1930 juu ya namna ya kupanga vitalu shambani, Fisher akitaka kura, Gosset akitaka mpangilio wa usawa. Mwaka 1935 alipelekwa London kusimamia kiwanda kipya cha Park Royal. Akafa tarehe 16 Oktoba 1937, miaka 61. Andiko lake la mwisho juu ya mabishano yale lilitoka mwaka 1938, yeye akiwa kaburini, na chini yake sahihi ni ile ile: Student.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita