Al-Khwarizmi, Mwalimu wa Hesabu

Zamani sana, yapata mwaka 780, alizaliwa Muhammad mwana wa Musa. Watu walimwita Al-Khwarizmi, maana yake mtu wa Khwarizm, nchi iliyo kusini ya ziwa la Aral.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi Baghdad, mji mkuu wa Kalifa Al-Mamun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833. Kalifa huyo alipenda elimu. Wataalamu wake walikutana katika Nyumba ya Hekima, wakasoma vitabu vya Wagiriki na vya Wahindi. Al-Khwarizmi alikuwa mmoja wao.

Mtu alipokufa, mali yake ilipaswa kugawanywa, kila mrithi apate fungu lake. Mashamba yalipimwa, mifereji ilichimbwa, bidhaa ziliuzwa. Asiyejua hesabu aliweza kudhulumiwa, wala asitambue. Basi Kalifa akamhimiza Al-Khwarizmi aandike kitabu kifupi cha kuwasaidia watu katika mambo hayo. Akakiandika yapata mwaka 820.

Kitabu chake hakikuwa na alama za hesabu kama zetu. Yote yaliandikwa kwa maneno. Namba isiyojulikana aliipa jina, akaiita kitu. Kisha alieleza habari zake kama kwamba inajulikana, mpaka ikajulikana kweli.

Hesabu yake moja yaweza kuelezwa kwa mfano wa shamba. Shamba lina ukubwa wa hatua 39 za mraba. Urefu wapita upana kwa hatua 10. Je, upana ni hatua ngapi?

Upana uitwe kitu. Urefu ni kitu na 10. Basi kitu mara kitu, pamoja na kitu mara 10, ni 39.

Al-Khwarizmi alifundisha kutwaa nusu ya 10, ndiyo 5. Mara 5 ni 25. Ukiongeza 39, ni 64. Namba gani ikizidishwa kwa yenyewe huleta 64? Ni 8. Ukitoa 5, yabaki 3. Basi upana ni hatua 3, na urefu ni 13. Zidisha 3 kwa 13, utaona 39.

Wala hakutaka watu wakubali tu bila kuelewa. Alichora mraba, akaonyesha kwa macho sababu ya kila jambo.

Alikufa yapata mwaka 850. Mwaka 1145, katika Hispania, Robert wa Chester alikitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini. Hivyo Wakristo wa Ulaya walijifunza kwa Mwislamu huyo. Neno aljebra latoka katika jina la kitabu chake.

Mwanafunzi akipewa fumbo la hesabu, asikimbilie kuzidisha na kutoa ovyo. Kwanza asome vizuri, akitafute kile asichokijua, akipe jina. Ndipo aanze kazi.