Seyyid Khalid, Mrithi Asiyerithi

Sisi tukaao Fukayosi, na wenzetu wa Bagamoyo na pwani yote hii, tumezoea kusikia majina ya Majid na Barghash, masultani wa Unguja. Jina la ndugu yao Khalid halitajwi sana, ingawa yeye ndiye aliyechaguliwa na baba yao airithi nchi hii. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari zake.

Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan wa Omani, aliyehamia Unguja akaifanya makao yake. Mama yake, Khurshid, alikuwa suria kutoka nchi ya Circassia. Mkubwa wa wana alikuwa Hilal, lakini huyo alikosana na baba yake. Basi mwaka 1844 Seyyid Said akaiandikia serikali ya Uingereza kwamba Khalid atapewa nchi za Afrika, na Thuwaini atapewa Omani. Hilal akasafiri mpaka London mwaka 1845 kuomba haki yake. Akapokewa kwa heshima, asipewe msaada. Akafa Aden mwaka 1851.

Seyyid Said alipokwenda Omani, Khalid aliachiwa Unguja, wala haikuwa kazi ndogo. Kwa mapatano ya mwaka 1839 Waingereza hawakuruhusiwa kununua pembe wala sandarusi hapa Mrima, toka Mtangata hata Kilwa. Sandarusi iliyochimbwa nyuma ya Bagamoyo ilivushwa kwenda Unguja, na ushuru wake ukawa mali ya enzi.

Dada yake Salma, aliyebatizwa Aden mwaka 1867 akaitwa Emily, aliandika kitabu cha maisha ya nyumba ile, kilichotolewa Ujerumani mwaka 1886. Humo twamwona Khalid kuwa mtu mkali. Siku moja, baba yao akiwa Omani, moto ulizuka jumbani. Wanawake wakakimbilia milangoni, wakakuta askari wamewazuia kwa amri ya Khalid, wasije wakaonekana na watu mchana. Hatuwezi kuisoma habari hii bila kutetemeka. Tena watu walisema kwamba mtawala hasa ni Khurshid, mwanamke mwenye akili nyingi, na mwanawe hufuata tu.

Khalid aliwapenda Wafaransa, hata shamba lake moja akaliita Marseille.

Mwaka 1854 Seyyid Said alikwenda tena Omani. Mwezi wa Novemba mwaka ule Khalid akafa, baba yake angali huko. Majid akawekwa badala yake. Mwezi wa Oktoba 1856 Seyyid Said naye akafa baharini, akirudi Unguja. Katika ukoo ule hapakuwa na desturi ya mwana mkubwa kurithi. Mwenye nguvu ndiye aliyetawala. Thuwaini akaidai Unguja, na mwaka 1859 Barghash akamwinukia Majid. Salma mwenyewe alimwandikia Barghash barua za siri. Ngome yao ilikuwa nyumba ya Marseille, ambayo sasa ilikuwa mali ya Shambua na Farshu, binti za Khalid. Kuta zikatobolewa matundu ya bunduki, watu wa Majid wakaipiga kwa mizinga, Barghash akatoroka usiku, na nyumba ya wale yatima ikaharibiwa.

Mwaka 1861 Waingereza wakakata shauri: Unguja itengwe na Omani, na Majid ailipe Omani riale 40,000 kila mwaka. Nchi ikagawanywa vile vile kama Seyyid Said alivyoandika mwaka 1844, ila palipokuwa na jina la Khalid pakawekwa jina la Majid.