Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuata safari ya chakula tumboni

MIKUNGU ya ndizi inayorundikwa sokoni Kwa Sadala, wilayani Hai, kando ya barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, ni ya jamii ya vyakula vilivyomshughulisha daktari mmoja wa Ireland hadi uzeeni. Denis Parsons Burkitt hakuwa mtaalamu wa lishe wala wa maabara. Alikuwa mpasuaji, tena mwenye jicho moja.

Alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa kupigwa jiwe. Alianza uhandisi mjini Dublin, akauacha na kushika udaktari, akahitimu mwaka 1935. Baada ya kutumikia jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Uganda mwaka 1946, kwanza Lira, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Burkitt alianza kuwatafuta wengine wa namna hiyo. Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili waliondoka Kampala kwa gari kuukuu, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi. Walisafiri kilomita zipatazo 16,000 kwa wiki 10, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ilidhihirika kuwa uvimbe huo ulikuwa mwingi katika nyanda za joto na mvua, na adimu katika miinuko yenye baridi. Saratani hiyo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Alirejea Uingereza mwaka 1966, na hapo akaanza kazi ya pili, ambayo baadhi ya wasomi waliiona ya kuchekesha: kupima choo. Watu walimeza vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha kinyesi chao kikapimwa uzito na vidonge kuhesabiwa. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1972 yalionyesha kuwa kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita mwilini kwa wastani wa saa 36, na kinyesi kilikuwa gramu 470 kwa siku. Kwa kundi la Waingereza waliopimwa, ilikuwa saa 83 na gramu 104.

Burkitt alisema tofauti hiyo imetokana na makapi-mlo, yaani ile sehemu ya mmea isiyomeng'enywa. Kwa mlaji wa sembe mjini, ndiyo pumba inayoachwa mashineni na kuishia kwa kuku.

Jambo ambalo vidonge vyake havikuweza kuonyesha ni kwamba utumbo nao hutoa amri. Tangu mwaka 1902, Bayliss na Starling wa London walikwisha kuthibitisha kwa mbwa kuwa utumbo hutuma ujumbe kwa njia ya damu. Baadaye ziligunduliwa peptidi nyingine, zikiwamo PYY na GLP-1. Panya wa maabara akichomwa sindano ya GLP-1, tumbo lake huchelewa kumwaga chakula kwenda utumbo mwembamba. Bakteria wa utumbo mpana wanapochachusha makapi-mlo, hutengeneza asidi zinazozichochea chembe za utumbo kutoa peptidi hizo. Hivyo chakula kile kile huweza kuchelewesha mlango wa tumbo na kuharakisha mwisho wa njia, kitendawili ambacho hesabu ya saa 36 peke yake haikukifumbua.

Si madai yake yote yaliyosimama. Majaribio mawili ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 2000, kwa watu waliowahi kuondolewa vinyama vya utumbo mpana, hayakuona kuwa makapi-mlo yalizuia vinyama hivyo kurudi. Burkitt alikuwa mhubiri hodari wa hoja yake, na pengine aliibebesha maradhi mengi mno.

Alifariki dunia nchini Uingereza Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka 2005 dawa ya kwanza ya kisukari inayoiga GLP-1 iliidhinishwa nchini Marekani.