Jim Corbett, msasi aliyezikwa Nyeri

Ukifika Nyeri, ndugu msomaji, pita makaburi ya kanisa la St Peter's. Pale amelala Jim Corbett, mzaliwa wa Nainital, India, 1875. Mwaka 1907 alimuua chui milia jike wa Champawat, aliyedaiwa kuua watu 436. Serikali ilimwomba, naye akaenda. Lakini alipoona chui milia wanamalizika, alishika kamera na kupigania hifadhi iliyoanzishwa 1936, ambayo leo ina jina lake. Alihamia Nyeri 1947 na dadake Maggie, akafariki 1955. Kenya ilipiga marufuku usasi 1977. Nasi watu wa pwani, ambao bandari zetu zilisafirisha pembe za ndovu, tukumbuke: mnyama akishatoweka, majuto hayamrudishi.